Kuchagua Bastola ya Silinda ya .22 kwa Bei Nafuu: Mwongozo kwa Anayeanza Kulenga Makopo Nchini Marekani

Wengi wetu tuliolelewa Afrika Mashariki tuliizoea bastola kuwa kitu cha kiunoni mwa askari, na raia aliyeitaka alijua kwamba safari yake ingepita katika ofisi nyingi. Ndiyo maana mtu aliyehamia Texas, Idaho au Georgia hushangaa siku anapoalikwa na wafanyakazi wenzake kwenda porini kulenga makopo, kisha akapita dukani na kukuta bastola ya silinda, yaani ile yenye pipa linalozunguka lenye matundu ya risasi, inayouzwa kwa bei ya chini kuliko simu iliyomo mfukoni mwake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Unahusu bastola ndogo ya burudani ya mwisho wa wiki, yenye kutumia risasi ya .22 (kipenyo cha takriban inchi 0.22), wala hauhusu silaha ya kujilinda wala ya kuwindia wanyama wakubwa, kwa sababu mahitaji hayo yana vigezo vingine kabisa.

Niseme mapema msimamo wangu ili msomaji ajue anakopelekwa: kwa kazi hii, bastola rahisi kabisa inayokokiwa, yaani kuvutwa nyundo nyuma, kwa kidole gumba kila risasi inatosha, na upolepole wake wa kufyatua ambao wengine huuona kuwa upungufu ndio unaoifanya imfae anayejifunza.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba sheria inakuruhusu

Anza hapa, kabla hujatazama hata picha moja. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 inamkataza muuzaji mwenye leseni kumuuzia bastola mtu aliye chini ya umri wa miaka 21, na mnunuzi analazimika kuinunua katika jimbo analoishi, au ipelekwe kwa muuzaji mwenye leseni wa jimbo hilo. Dukani utajaza fomu namba 4473, kisha jina lako litapitishwa katika mfumo wa uchunguzi wa kitaifa ambao umekuwa ukitumika tangu mwaka 1998.

Kwa wahamiaji jambo kubwa ni aina ya kibali. Mwenye ukazi wa kudumu, yaani mwenye grini kadi, anaruhusiwa kununua akiwa na vitambulisho vinavyoonyesha anwani anayoishi sasa. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama vile ya masomo, ya utalii au ya kazi ya mkataba, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji ya jimbo fulani au aangukie katika misamaha mingine michache. Katazo hilo linafika mpaka kwenye viwanja vya kulengea vinavyokodisha silaha, kwa hiyo mwanafunzi anayedhani kwamba kukodi kwa saa moja si kumiliki anahatarisha viza yake. Fomu hiyohiyo huuliza pia kuhusu bangi, na jibu linapimwa kwa sheria ya shirikisho hata kama jimbo lako limeihalalisha.

Usimtume rafiki akununulie kwa jina lake. Kumzawadia mtu anayeruhusiwa kumiliki si kosa, lakini kujaza fomu ukidai kwamba wewe ndiye mnunuzi ilhali fedha ni za mwingine ni jinai, na tangu mwaka 2022 kuna kosa mahususi la kununua kwa niaba ya mwingine ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 15. Baada ya shirikisho huja majimbo: California, Massachusetts na Maryland zina orodha za bastola zinazoruhusiwa kuuzwa, hivyo unayoisoma hapa huenda isipatikane huko kabisa. Na iwapo kuna aliyewaza kuiweka sandukuni siku ya kurudi nyumbani, aliondoe wazo hilo. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015, na zote mbili zinadai kibali kabla silaha haijavuka mpaka.

Hatua ya pili: Ifahamu risasi kabla ya bastola

Katika risasi kubwa, fataki, yaani kemikali inayoiwasha baruti, hukaa katikati ya kitako cha ganda. Katika risasi ya .22, fataki imepakwa ndani ya ukingo wa kitako hicho, na sindano ya bastola huiwasha kwa kuuponda ukingo juu ya chuma cha silinda. Ganda lililopondwa namna hiyo halijazwi tena, lakini kulitengeneza ni rahisi mno, na urahisi huo ndio unaoifanya risasi hii iwe ya bei ya chini kuliko zote. Historia yake ni ndefu: .22 fupi ilitokea mwaka 1857 pamoja na bastola ya kwanza ya Smith & Wesson, na ile tunayoitumia leo, .22 Long Rifle, ilikuja mwaka 1887 kutoka kiwanda cha Stevens.

Kwa kuwa fataki lazima isambae kuuzunguka ukingo wote, mara mojamoja hutokea sehemu isiyo na ya kutosha, na risasi ikagoma. Katika bastola ya magazini (kasha la risasi linaloingizwa ndani ya mpini), risasi iliyogoma au iliyo dhaifu husimamisha kazi yote, ilhali katika bastola ya silinda unakoki tena na tundu linalofuata linakuja lenyewe. Tena silinda haijali nguvu ya risasi, kwa hiyo waweza kutumia zile za polepole zenye mlio mdogo bila taabu yoyote. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kupendelea silinda kwa risasi hii.

Risasi ya pili utakayoiona ni .22 Magnum iliyotolewa na Winchester mwaka 1959. Ganda lake ni refu na pana zaidi, wala haliingii katika silinda ya Long Rifle. Kinyume chake ndicho chenye hatari: Long Rifle huingia katika silinda ya Magnum, na ukiifyatua, ganda hutuna au kupasuka kwa kuwa halina chuma cha kulishikilia. Zipo bastola zinazouzwa na silinda mbili, moja kwa kila risasi, na wauzaji huzisifu sana. Mimi huona kwamba kwa makopo silinda ya pili itaishia kwenye droo, kwa sababu Magnum hugharimu takriban mara tatu au zaidi kwa kila risasi. Ukiikuta imo ndani ya bei, ichukue. Usiiongezee fedha ambazo zingenunua risasi elfu moja.

Hatua ya tatu: Amua namna ya kufyatua

Kuna mitindo miwili. Katika ule wa kwanza, unakoki nyundo kwa kidole gumba kila mara, kisha kifyatulio hufanya kazi moja tu ya kuiachilia. Risasi huingizwa mojamoja kupitia kilango cha pembeni, na maganda husukumwa nje mojamoja kwa kijiti kilicho chini ya mtutu. Katika ule wa pili, kuvuta kifyatulio kwenyewe kunakoki na kuachilia, na silinda nzima huchomoka kando ili maganda yote yatoke kwa msukumo mmoja.

Mtindo wa pili ni wa haraka, na haraka ina gharama zake. Kifyatulio chake ni kizito, na katika risasi za .22 huwa kizito zaidi kwa sababu nyundo lazima ipige kwa nguvu ili kuuponda ukingo. Bastola ya bei nafuu ya aina hii humchosha mwanafunzi kidole na kumfanya ayumbishe mtutu. Ile ya kukoki kwa gumba ina kifyatulio chepesi hata ikiwa ya bei ya chini. Isitoshe, inamlazimisha mtu asimame kidogo baada ya kila risasi, avute pumzi, atazame alipopiga, na boksi la risasi hamsini likadumu nusu saa badala ya dakika tano. Mzazi anayemsimamia kijana wake ataona faida nyingine: kati ya risasi na risasi kuna kitendo cha makusudi, kinachoonekana kwa macho ya aliyesimama nyuma.

Mifano inayopatikana kwa wingi katika mtindo wa kwanza ni miwili. Heritage Rough Rider, inayotengenezwa Bainbridge katika jimbo la Georgia, mara nyingi huuzwa chini ya dola 200, na upande wa kushoto ina kilimi cha usalama kinachoizuia nyundo isiifikie risasi. Ruger Wrangler ilitolewa mwaka 2019 kwa bei iliyopendekezwa ya dola 249, ina matundu sita, na ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopanda pale tu kifyatulio kinapovutwa, kikapokea pigo la nyundo na kulipeleka kwenye sindano. Bila kuvuta kifyatulio, nyundo haigusi sindano hata bastola ikidondoka. Mwaka 2023 ilifuatiwa na Super Wrangler, yenye fremu ya chuma, alama za kulengea zinazorekebishika na silinda mbili, kwa bei iliyopendekezwa ya dola 329.

Tofauti kati ya usalama wa hizo mbili inastahili kutiliwa maanani. Kilimi cha Rough Rider hufanya kazi ukikikumbuka, na kipande cha ndani cha Wrangler hufanya kazi hata ukisahau. Kwa sababu hiyo, nafasi ya dola hamsini kati yao naiona kuwa fedha iliyotumika vizuri kwa anayeanza kabisa. Anayechagua Rough Rider, na hasa anayenunua bastola ya zamani isiyo na kinga ya ndani, kama vile Ruger Single-Six zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1973, na aweke risasi tano badala ya sita, nyundo ikalie tundu tupu.

Kwa anayeng'ang'ania mtindo wa pili, Diamondback Sidekick ina matundu tisa, na Taurus 942 ina manane. Katika zile zilizokwishatumika, Harrington & Richardson 929 bado huonekana kwa bei za kawaida, ingawa kampuni hiyo ya awali ilifunga mwaka 1986 na vipuri vyake hutafutwa kwa tochi.

Hatua ya nne: Madini, mtutu na alama za kulengea

Watu hubishana sana kuhusu fremu. Rough Rider hutumia mchanganyiko wa zinki na Wrangler hutumia aluminiamu, na zote hupunguza bei kwa kuwa humiminwa kwenye kalibu badala ya kuchongwa. Kwa nguvu ndogo ya Long Rifle, hilo halinisumbui, mradi silinda na mtutu wenyewe viwe vya chuma kigumu. Anayetarajia kumrithisha mjukuu na anunue chuma kitupu.

Urefu wa mtutu ni muhimu zaidi. Mtutu wa inchi 4.62, yaani kama milimita 117, hukaa vizuri mkononi na katika ala. Wa inchi 6.5 huzitenganisha alama za kulengea, na kosa dogo la mkono likaonekana mapema kabla hujafyatua. Mitutu ya chini ya inchi tatu ilibuniwa kwa ajili ya kubebwa kiunoni, nayo humfanya mwanafunzi adhani kwamba hajui kulenga ilhali kosa ni la kifaa.

Alama zisizorekebishika, ambazo ni za kawaida katika bei hizi, hazipigi pale unapotazama kwa kila aina ya risasi. Jaribu maboksi matatu au manne ya watengenezaji tofauti kabla hujailaumu bastola. Ikiwa zote zinapiga chini, fundi anaweza kupunguza kidogo kwa tupa alama ya mbele, na risasi zitapanda. Lakini apige tupa kwa uchache na kujaribu tena, kwa maana chuma kilichoondoka hakirudi.

Hatua ya tano: Piga hesabu yote

Kwa bei za miaka ya karibuni, Long Rifle ya kawaida hupatikana kwa senti 7 hadi 12, na Magnum kwa senti 25 hadi 40. Ukienda mara moja kwa mwezi na kutumia risasi 200, mwaka mzima utakugharimu takriban dola 170 hadi 290 kwa Long Rifle, yaani bei ya bastola yenyewe au zaidi, na kwa Magnum dola 600 hadi 960. Ongeza vikinga masikio na miwani ya kinga, ambavyo havina mjadala, kodi ya mauzo, ada ya uchunguzi katika baadhi ya majimbo, na sanduku la kufungia. Kufuli la bure unapaswa kulipata: tangu sheria ya mwaka 2005, muuzaji mwenye leseni analazimika kumpa mnunuzi wa bastola kifaa cha kuifungia. Mwenye dola 350 kwa jumla, basi, asitafute bastola ya dola 350.

Hatua ya sita: Ikague ukiwa umeishika

Omba ruhusa, elekeza mtutu mahali salama, fungua kilango, na lizungushe kila tundu mbele ya macho yako mpaka uridhike kwamba yote ni matupu, hata kama muuzaji amekwisha kufanya hivyo sekunde tano kabla. Kisha koki nyundo polepole sana. Silinda inapaswa kujifunga mahali pake kabla nyundo haijafika mwisho, au inapofika. Ikiwa nyundo imefika na silinda bado inaelea, rudisha bastola kabatini. Rudia kwa matundu yote, kwa sababu ubovu huweza kuwa katika tundu moja tu. Nyundo ikiwa imekokiwa, isukume kwa gumba bila kugusa kifyatulio: ikianguka, usiinunue kwa bei yoyote.

Baada ya hapo, itikise silinda mbele na nyuma, kushoto na kulia. Mchezo kidogo ni wa kawaida, ule unaosikika kwa mlio si wa kawaida. Tazama mwanya kati ya silinda na mtutu dhidi ya mwanga. Uwe mwembamba na sawa pande zote, kiasi cha milimita 0.10 hadi 0.20. Katika bastola iliyotumika, chunguza mdomo wa kila tundu upande wa nyuma. Ukiona kishimo kidogo palipopigwa na sindano, ujue kwamba mwenyewe alikuwa akiifyatua bila risasi, na maganda yatagoma kuingia au kutoka. Nawe usifanye hivyo mpaka kitabu cha maelekezo kiseme kwamba inaruhusiwa.

Hapa nina kumbukumbu isiyonifurahisha. Bastola yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imetumika, ikiwa na silinda mbili, na duka likanihakikishia kwamba zote zilitoka nayo kiwandani. Ile ya Magnum ilikuwa ikinirushia vipande vya risasi shavuni, kwa kuwa matundu yake hayakukaa sawasawa na mtutu. Baadaye nilijifunza kwamba katika Single-Six za Ruger silinda ya Magnum mara nyingi huchorwa tarakimu za mwisho za namba ya bastola yake, na yangu ilikuwa na tarakimu za bastola nyingine. Kuzilinganisha kungenichukua dakika moja.

Hatua ya saba: Siku ya kwanza nje

Ardhi nyingi zilizo chini ya Idara ya Usimamizi wa Ardhi, hasa katika majimbo ya magharibi, huruhusu kulenga isipokuwa palipofungwa, na misitu ya taifa huruhusu mradi uwe zaidi ya yadi 150 kutoka kwenye makazi, majengo na kambi, wala usifyatue kuvuka barabara au maji. Mbuga za taifa haziruhusu. Piga simu ofisi ya eneo hilo siku moja kabla, kwa kuwa maeneo hufungwa ghafla wakati wa hatari ya moto.

Risasi ya .22 hudharauliwa kwa udogo wake, lakini yaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, hivyo shabaha lazima iwe na kingo ya udongo nyuma yake, si vichaka wala anga. Mawe na maji huirudisha au kuipotosha. Chupa ni marufuku mahali pengi, na ni ukosefu wa adabu mahali pote. Weka kopo umbali wa mita saba hadi kumi, siyo mbali zaidi, na shika kwa mikono miwili bila kidole chochote kukaribia mwanya wa mbele ya silinda, kwani gesi ya moto hutokea hapo. Risasi ikigoma, endelea kuelekeza mtutu kwenye kingo kwa sekunde 30 kabla ya kuitoa. Ikitoa mlio hafifu usio wa kawaida, acha kabisa, toa risasi zote na uchungulie kama mtutu umeziba.

Vichwa vya risasi nyingi za .22 ni vya madini ya risasi yasiyofunikwa, ambayo ni sumu, na fataki nyingi nazo zina madini hayo, kwa hiyo usile mkate kwa mikono hiyo. Nawa kwa sabuni na maji baridi, na nguo za siku hiyo zifuliwe peke yake kama nyumbani kuna mtoto mchanga. Safarini, bastola iwe tupu, imefungwa, na risasi ziwe katika chombo kingine. Kabla ya kuondoka, beba mfuko wa plastiki na uyaokote makopo na maganda yote, yakiwemo ya waliokutangulia, kwa kuwa maeneo mengi ya wazi yamefungwa kwa sababu ya takataka.